Chui ni Yuleyule

Chui wa Edward Saidi Tingatinga hahitaji mkalimani. Ameujaza ubao mzima, nyuma yake rangi moja tupu, madoa yamepangwa kwa subira, jicho linakukazia. Mtoto wa darasa la kwanza humpenda papo hapo. Kisha unaambiwa kwamba mchoraji huyo, mzaliwa wa Tunduru wa mwaka 1932, alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga miaka ya 1950, kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Chui ni yuleyule. Je, macho yako nayo ni yaleyale?

Wapo wanaosema sanaa ijitetee yenyewe, habari za msanii ni porojo. Hofu yao naielewa, lakini siwaungi mkono. Kwa mtu wa Muheza, Pangani au Korogwe, mkonge si jina tu la zao. Ni miiba, ni ngurumo ya mashine ya korona inayochakata majani, ni singa zilizoanikwa juani, ni manamba, vibarua wa mkataba, waliotoka mikoa ya mbali wakazikwa hukuhuku. Mtu huyo akimrudia chui atautafuta mkonge, na hatauona. Tingatinga alichora wanyama na ndege. Basi jambo ambalo jana halikuwepo hata katika mawazo ya mtazamaji huyo, leo linamsumbua: huyu aliyeyaona mashamba yale, mbona akachagua chui? Picha haikuongezewa hata doa moja. Kilichoongezeka ni swali, na swali zuri humfanya mtu asimame mbele ya picha muda mrefu zaidi.

Lakini si kila habari huleta swali. Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa kwa risasi na polisi waliomfananisha na mhalifu. Ukilisikia hilo kwanza, umekwisha. Kila kiboko, kila tembo atakuwa marehemu; utahuzunika, na aliyehuzunika huona yuko radhi na nafsi yake, akaondoka bila kutazama. Huruma ni haki ya mtu aliyedhulumiwa. Kwa picha, ni pazia.

Kuna habari nyingine, ndogo, ambayo watu huipita haraka. Alipoanza kuchora mwaka 1968, alitumia rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Sogea sasa. Mng'ao ule, mstari ule mzito usiofifia pembeni, vimetokana na kopo la bei nafuu na mkono uliojua kopo lile linaweza nini. Hapo unamwona mtu akifikiri, tena kwa muda wa miaka minne tu.

Ninyi mnaoandaa maonyesho, andikeni kwenye vibandiko vyenu rangi ya baiskeli, hadibodi na mashamba ya Tanga. Habari ya risasi isifichwe, ila iwekeni karibu na mlango wa kutokea.