Huku maharage hayasukumwi

Mwanzoni mwa mwezi wa saba nilipanda basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam kwenda Njombe kumwona shangazi yangu. Ni safari ya kilomita 700 hivi, na mwili unaanza kukuambia umefika wapi kabla hujasoma kibao. Tulipoiacha Makambako, abiria walishusha mabegi wakatoa makoti, masweta na kofia za sufu. Mama aliyekaa mbele yangu alimfunga mwanawe kwa kanga mbili na juu yake blanketi. Niliposhuka stendi, pumzi ilinitoka kama moshi.

Wenye nchi yao wanaijua baridi hii na wanajipanga. Njombe iko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane usiku hushuka chini ya nyuzi joto 10. Ukipanda zaidi kwenda Makete na uwanda wa Kitulo, sakitu huyaunguza majani ya viazi, asubuhi ukalikuta shamba jeupe kama limemwagiwa chumvi.

"Kamwene," shangazi alinisalimu kwa lugha ya nyumbani, kisha akaipokea shikamoo yangu na kunivuta moja kwa moja jikoni. Sebule ilikuwapo, na viti vyake vya vitambaa. Lakini kwenye baridi mgeni hapelekwi sebuleni. Mgeni anapelekwa kwenye moto.

Jioni ya pili nilimwambia apumzike, nitapika mimi. Mkono wake wa kulia unamsumbua siku hizi. Ndani ana jiko la gesi alilonunuliwa na wanawe, nami nikalitegemea. Saa kumi na mbili nilibandika maharage makavu, nikijua kwa uzoefu wa Dar kwamba saa mbili tutakuwa tunakula. Saa mbili ilipofika, nilibonyeza punje moja kwa vidole, ikagoma. Nikaongeza moto. Saa mbili na nusu, bado. Shangazi aliingia, akaifunua sufuria, akazima gesi. Aliinyanyua kwa mkono wa kushoto, akatoka nayo hadi jiko la nje, akaitua juu ya mafiga na kusogeza kuni mbili za miwati.

"Mwanangu," aliniambia, "huku maharage hayasukumwi. Yanasubiriwa."

Alikuwa sahihi, na sayansi inamuunga mkono. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi joto 100. Kadiri unavyopanda mlima, hewa inapungua uzito, na maji yanachemka mapema kabla hayajapata joto lote. Kwenye mwinuko wa Njombe yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, na ukishafika hapo, hata ukiongeza kuni mzigo mzima, maji hayapandi joto tena. Yatatokota kwa kelele zaidi na kukauka upesi. Punje inahitaji muda, na muda haununuliwi kwa gesi. Nilichokuwa nimekifanya kwa saa mbili na nusu ni kupigana na mlima.

Basi tukasubiri. Tulikuwa watatu: shangazi, mimi, na mjukuu wake wa kidato cha pili aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni. Jiko lile ni la matofali ya udongo, dari yake nyeusi kwa masizi, na juu ya moshi yananing'inia mahindi ya mbegu ili wadudu wasiyaguse. Tulikaa kwenye vigoda, magoti yakielekea moto. Shangazi alinipa kisu na beseni la viazi. Kijana alipewa kazi ya kuchochea. Hapakuwa na simu mkononi, kwa sababu mikono yote ilikuwa na kazi, na hapakuwa na haraka, kwa sababu sufuria ilikuwa imeshatuamulia.

Nilikuwa namenya kiazi cha nne au cha tano kijana aliposema, bila kumtazama mtu, "Bibi, lile blanketi liliibiwa."

Shangazi hakugeuka. "Lile la buluu?"

"Ndiyo, bibi. Tangu mwezi wa tano."

"Ukawa unalalia nini?"

"Shuka. Na sweta."

Ukimya ukawa mrefu. Kuni ilipasuka, cheche zikaruka, akazirudisha ndani kwa kijiti. Ndipo akaeleza yaliyobaki: kwamba hakutaka kusema kwa sababu ada ilikuwa imetoka kulipwa kwa shida, na alijua nyumbani hakuna kitu. Alikuwa amekaa nyumbani wiki mbili nzima na hakulisema. Shangazi alikuwa amemuuliza habari za shule mara ngapi sijui, na kila mara jibu lilikuwa "nzuri". Usiku ule hakuna aliyemuuliza kitu.

Shangazi hakumlaumu wala hakumhubiria. Viazi vilipoanza kulainika sufuriani, alichukua upawa, akachota kimoja, akakipuliza, akampa. Kesho yake asubuhi tulikwenda sokoni watatu, na tulirudi na blanketi zito la kijivu. Lakini kwangu jambo lenyewe lilikuwa limeshatendeka jana yake, pale kwenye vigoda, kati ya saa tatu na saa nne usiku, wakati maharage yalipokuwa yanakataa kuiva.

Tangu nirudi nimekuwa nikilifikiria hilo. Tunaposifu chakula cha baridi tunasifu kinachoingia tumboni: joto lake, mchuzi wake mzito, usingizi mtamu baada yake. Sifa hizo ni za haki. Ila chakula hiki kina zawadi nyingine inayotangulia sahani, nayo ni kule kukingoja. Kinatuweka mahali pamoja kwa saa mbili au tatu, tumegeukia kitu kimoja, bila ajenda. Mtu mwenye neno zito hupata nafasi ya kulitoa bila kuitwa mbele ya kikao. Chipsi za dakika kumi zinashibisha, sikatai, lakini haziwezi kumngoja mtoto mpaka awe tayari kusema.

Na ajabu yake, chakula kinachofanya kazi hii si cha gharama wala cha ufundi. Ni maharage kama yale, na zaidi yakichanganywa na mahindi yakawa makande. Jamii nyingi za nchi zetu zinayajua, kila moja kwa jina lake. Ukanda wa Limuru na Nyandarua, ambako Julai ukungu hukaa hadi mchana, wanakula githeri. Wakamba wanakoboa mahindi yao kwanza, wakayaita muthokoi. Kilimanjaro na kwetu Nyanda za Juu Kusini ni makande. Wengi wetu tuliosoma bweni tuliapa hatutayala tena, kwa kuwa tuliyajua yakiwa magumu, yamechemshwa na chumvi tu, yakiliwa wima. Tumeyadhulumu. Yale yalikuwa makande yaliyopikwa kwa haraka kwa ajili ya watu mia tano.

Ya shangazi yanapikwa hivi, na yeyote anaweza. Chukua vikombe viwili vya mahindi yaliyokobolewa na kikombe kimoja cha maharage. Yaoshe, yaloweke usiku kucha katika maji mengi, asubuhi maji yale yamwage. Bandika mahindi kwanza kwa maji mapya, maana yanachelewa. Baada ya saa moja tia maharage. Yaache yachemke kwa nguvu mwanzoni. Hili si la kupuuza: maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali, na moto wa uvuguvugu hauiondoi. Kisha punguza moto, funika, ondoka pale kichwani pa sufuria, lakini usiende mbali. Yakikaribia kulainika tia viazi vilivyokatwa vinene. Pembeni kaanga vitunguu vingi kwa mafuta ya alizeti hadi vigeuke rangi, tia nyanya na karoti, zikishaiva mimina humo. Chumvi iwe ya mwisho. Mtu wa pwani ataongeza tui la nazi. Shangazi anaongeza maziwa kidogo na kuponda viazi viwili vitatu ili mchuzi ushikane. Basi.

Wataalamu wa lishe wanaeleza vizuri kwa nini ndoa hii ya mahindi na maharage imedumu: protini ya mahindi peke yake ina upungufu wa lisini, na maharage yanayo kwa wingi; kile maharage yanachopungukiwa, mahindi yanakileta. Bibi zetu hawakuyajua maneno hayo, lakini waliona watoto walioyala hivyo wakikua.

Chakula cha baridi si cha jioni tu: asubuhi kuna uji wa ulezi, mzito wa kushikana na kijiko, umetiwa ndimu au maziwa, na chai ya tangawizi kutoka majani ya milima hiyohiyo. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko mahindi na mchele, na mama aliyejifungua hupewa. Lugha yetu haikukosea kuiita nafaka hii kwa neno lilelile linalotumika kwa kazi ya kumlea mtoto.

Kuna jambo moja lazima niliseme wazi, kwa sababu najua atakayenisoma akaguna. Kusubiri sufuria ni kutamu pale tu kunapokuwa kwa wote. Katika nyumba nyingi mwenye kusubiri ni mmoja, mama, peke yake jikoni, machozi ya moshi yakimtoka, huku wengine wako sebuleni wakiuliza chakula vipi. Huko si kukaa pamoja, huko ni kumchosha mtu. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Ukitaka makande ya aina ninayoisifu, baba naye avute kigoda, vijana wachochee, mtu amenye vitunguu na mwingine aoshe vyombo. Kama hamwezi hilo, basi mwacheni mama anunue chakula kilicho tayari apumzike.

Kwa anayerudi kazini usiku, njia ipo. Mama yangu, miaka ambayo mkaa ulipanda bei, alikuwa anayachemsha maharage yaliyolowekwa kwa nusu saa nzima kwa moto mkali, kisha anaitoa sufuria ikiwa bado inatokota, anaifunga vizuri kwa blanketi kuukuu na kuitumbukiza katika kapu lililojaa majani makavu. Baada ya saa nne tano yalikuwa yamelainika kwa joto lake yenyewe. Akayarudisha motoni yakachemka tena, akaunga. Au pika mengi Jumapili mkiwa wote, uyagawe, uyahifadhi kwenye baridi ya friji.

Na ombi moja kutoka moyoni: jiko la mkaa libaki nje au mahali penye hewa. Baridi inapokaza watu huingiza jiko chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta usingizini hapati nafasi ya kushtuka. Familia zimepotea hivyo kwa kutafuta joto tu. Oteni moto jikoni, mle, kisha mkalale kwa blanketi.

Usiku ule tulikula saa nne na robo. Maharage yalikuwa yameiva hadi ndani, viazi vimefumuka, mchuzi mzito. Kijana alirudia mara mbili. Kabla hatujajipakulia, shangazi alikuwa ameshajaza bakuli moja, akalifunika kwa sahani na kumtuma alipeleke kwa bibi mzee wa nyumba ya pili anayeishi peke yake. "Bado yuko macho," alisema, "ameona moshi wetu." Nikaelewa kwamba hata yule tuliyekuwa hatumwoni alikuwa anasubiri pamoja nasi.

Siku ya kuondoka nilifungiwa kilo tatu za mahindi yaliyokobolewa na maharage ya njano katika mfuko wa salfeti. Dar es Salaam haina baridi ya kuelezea mtu. Kipupwe chetu ni upepo mwanana tu wa kusi na shuka jepesi. Lakini nimejifunza kwamba baridi haiko kwenye hewa peke yake. Katika nyumba ninayoishi kuna kijana amepanga chumba cha mwisho. Amekuja mjini kutafuta kazi, na kila usiku saa nne namsikia akifungua mfuko wa nailoni wa chipsi, anakula, anazima taa. Tangu mwaka jana tumesalimiana tu.

Jana usiku nililoweka vikombe vinne badala ya viwili. Leo asubuhi nimegonga mlango wake, nikamwambia jioni aje tule makande. Akaniuliza aje saa ngapi. Chakula hakitakuwa tayari kabla ya saa mbili, na hilo nalijua. Nimemwambia saa kumi na moja.