Watoto, Bahari na Nauli Iliyokwisha Kulipwa

Ndugu msomaji, je, mzazi ana haki ya kumpandisha mtoto wake chomboni kwa ajili ya matembezi tu? Huenda ukalicheka swali hili ikiwa umezaliwa mwambao, ambako mtoto huijua ngalawa kabla hajaijua baiskeli. Jamaa zetu wa Newala na Masasi hawalicheki. Mtoto wa Newala hukulia juu ya uwanda ambako maji yalikuwa tangu zamani kitu cha kupimwa kwa ndoo, na bibi zake walishuka mabondeni alfajiri kuyatafuta. Akisimama pale Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma mbali chini yake. Lakini kuogelea angejifunzia wapi? Mtoto huyo akiletwa Mtwara likizo ya Desemba, korosho zikiisha kuuzwa, ombi lake la kwanza ni kupanda chombo.

Zamani jibu lilikuwa jepesi. Kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa mtoni Rufiji mwaka 2003, masika yakikolea barabara ya kusini ilikatika, na kuvuka pale Ndundu kulikuwa mtihani. Mwenye mgonjwa wa kumpeleka Dar es Salaam alishuka Mtwara au Lindi akapanda meli pamoja na wanawe. Hiyo ilikuwa dharura, na dharura ina hukumu yake. Leo basi hutoka Masasi likafika Dar es Salaam siku ile ile. Basi anayewapandisha watoto chombo kwa matembezi amechagua mwenyewe, tena amewachagulia wasioulizwa.

Sisemi kuwa furaha si sababu. La hasha! Mwenyezi Mungu ametutajia vyombo vipitavyo baharini katika ishara zake, na mtoto ana haki ya kuiona ishara hiyo kwa macho yake. Kumnyima kwa woga mtupu si ucha Mungu.

Linalonitia wasiwasi ni namna tunavyochagua. Tunachagua nyumbani, mbali na maji: fedha zinahesabiwa, nguo zinashonwa, majirani wanaambiwa (na hilo la majirani lina sehemu kubwa kuliko tunavyokiri). Kisha tunafika gatini. Chombo kimezama hadi karibu na ukingo, na watu bado wanaingia. Jaketi za kuokolea ni chache, nazo ni za watu wazima, ambazo humchomoka mtoto kichwani mara aingiapo majini. Baba anayaona yote hayo. Lakini nauli imekwisha kulipwa na watoto wanarukaruka kwa furaha, basi anasema, "Tunamtegemea Mungu," na kupanda.

Je, huko ndiko kutegemea? Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mwenye ngamia, alimwambia amfunge kwanza ndipo ategemee. Baba yule hakufunga kitu. Alichokitegemea hasa ni kwamba jana chombo kile kile kilijaa vile vile na kikafika.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Ilikuwa imepakia watu zaidi ya maradufu ya idadi iliyoruhusiwa, na wengi wao walikuwa wakirejea makwao baada ya Idi, na watoto wao. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, wakati wa kusi, meli ya Skagit ikapinduka karibu na Chumbe. Wenye vyombo walilaumiwa, na ilistahili. Lakini tuikumbuke hadithi ya Mtume juu ya watu wa merikebuni, wale wa chini waliotaka kutoboa upande wao: wakiachwa huangamia wote, wakizuiwa huokoka wote. Abiria anayejisukuma ndani ya chombo kilichojaa naye anatoboa. Na aliyejisukuma huku amembeba mtoto tumwiteje?

Kwa hiyo naona safari haijachaguliwa mpaka ufike mahali unapoweza bado kurudi. Kurudi kuna gharama: nauli inapotea, watoto wanalia, shemeji anacheka. Asiyeweza kuilipa gharama hiyo asiwaahidi watoto bahari. Awapeleke ufukweni Msimbati au Mikindani wacheze na maji, na awatafutie mtu wa kuwafunza kuogelea, jambo ambalo Sayyidna Umar husimuliwa kuwa aliliusia.

Nasi wenyeji tuna letu. Mgeni wa kutoka bara hajui kuwa likizo ya Juni huangukia kusi, wala hatambui chombo kilichozidiwa. Hututazama sisi usoni. Tukisema, "Twende, hakuna neno," hupanda. Anayejua, aseme kabla nauli haijatolewa. Na shemeji akigeuka na wanawe pale gatini, tumbebee mizigo turudi naye nyumbani, tukawapikie watoto chakula.