Usiisugue Sarafu Hiyo

Mjukuu wangu, ile sarafu uliyoniletea Jumapili usiisugue. Usiitie ndimu, usiitie majivu, wala usimpelekee fundi pale Majengo akung'arishie. Baba yangu aliniachia moja kama hiyo. Nilikuwa kijana, nikaisugua kwa mchanga mpaka ikametameta, na mstari mwembamba uliokuwa umepita juu ya taji ukaisha wote. Mpaka leo naujutia.

Umeniambia yako ni mbovu, imekwaruzwa. Ishike kwa kingo zake, uende nayo nje asubuhi jua likiwa bado chini, uigeuze taratibu. Kisha pitisha ukucha polepole. Mkwaruzo huwa umezama, ukucha unaingia. Mstari huu umeinuka kama mshipa wa mkono wangu: unaanzia ukingoni, unakatiza taji, unafifia karibu na herufi D. Hapo hakuna aliyeikwaruza. Muhuri wa chuma uliopiga sarafu ndio uliopasuka, na kila ulipoteremka shaba iliingia ndani ya ule ufa.

Soma kilichoandikwa: D.O.A., yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani, mwaka 1916, na herufi T. Hiyo T ni Tabora. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, sarafu za Wajerumani zilipigwa Berlin na Hamburg zikaja kwa meli. Vita vilipoanza manowari za Waingereza zikafunga pwani, fedha ikaadimika, na askari wanataka mishahara. Ndipo zikapigwa katika karakana ya reli Tabora, kwenye Reli ya Kati hii hii inayopita hapa Dodoma. Za heller 20 zilitoka zaidi ya milioni moja, nyingine za shaba nyekundu, nyingine za shaba ya njano. Ilipofika Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora.

Mimi nimekula mkate wa karakana ya reli, kwa hiyo hapa nakwambia ninachokijua kwa mikono. Chuma cha pua ukikichoma na kukizamisha, kikiwa kigumu kupita kiasi kitapasuka. Kikiwa laini, sura iliyochongwa itabonyea. Kupata katikati yake kunataka muda, na wale mafundi hawakuwa nao. Muhuri ulipasuka, wakaendelea kuupiga kwa sababu wa pili haukuwa tayari. Mwanangu, nikiutazama huo mstari namwona mtu amesimama mbele ya mashine, amesikia mlio umebadilika, na bado anapeleka kipande kingine. Jina lake halikuandikwa popote. Umebaki huo ufa.

Na neno hela unalolitamka kila siku ukinunua vocha, asili yake ni hiyo heller iliyo mkononi mwako.

Watakuja watu kukuambia rupia ya Mjerumani ina nguvu za siri, kwamba kuna tajiri anaitafuta kwa mamilioni, toa kwanza nauli ya kumfuata. Usiwape hata shilingi. Wengine watakuletea ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo na mlima nyuma yake. Ya kweli ilipigwa Tabora hapo hapo, dhahabu yake ikatoka Sekenke, kwa jirani zetu wa Iramba. Zilikuwa elfu kumi na sita na kidogo tu. Tembo wa bandia wapo. Tena wapo wanaochora mstari kwa kisu na kuuita ufa wa muhuri. Ukucha wako utakuambia: wa kisu umezama.

Usidharau na chenji ya daladala. Kagua shilingi mia kabla hujaitumia: ukiona ukingo mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, kipande hakikukaa sawa chini ya muhuri. Iliyolika kwa kupita mikononi ni kuukuu tu, iache iende sokoni.

Weka kila moja katika bahasha yake ya karatasi, kavu. Juu yake andika tarehe, mahali, na aliyekupa. Jumapili ijayo njoo na daftari, twende pamoja kwa bibi yule aliyekupa hii. Msalimie kwanza, ukae chini, umwulize ilifikaje nyumbani kwao. Akisema ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga ya mama yake, andika hivyo hivyo alivyosema.