Jasho la Majini

Mchumia juani hulia kivulini, wamesema wahenga, na kwa vizazi vingi methali hii imemfariji mja mwenye kazi ngumu. Ndani yake mna ahadi: jua ni la leo, kivuli ni cha kesho, na aliyeungua ndiye atakayepumzika. Lakini haisemi itakuwaje iwapo jua ni la mmoja na kivuli ni cha mwingine.

Na itazamwe pwani ya mashariki ya Unguja wakati wa bamvua. Maji yanapokupwa mchana, jua likiwa kali, wanawake wa Paje, Jambiani na Chwaka hushuka pwani na vigingi, kamba na mbegu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza upande huo mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Kazi yenyewe ni kuinama. Kigingi hupigwa mchangani, kamba hutandwa, kila kitawi hufungwa kwa kijikamba chake, na mgongo haunyooki mpaka bahari ianze kurudi. Mavuno hubebwa yakiwa yanachuruzika maji ya chumvi, kisha huanikwa. Kinacholipwa ni kilo ya mkavu; kilichokandamiza shingo ni uzito wa mbichi.

Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofanywa Ghuba ya Chwaka, ambamo wakulima hao walitaja uchovu, maumivu ya viungo, njaa, matatizo ya macho na ya kupumua, na majeraha ya magamba makali na ya viumbe wa baharini. Hakuna katika orodha hiyo jambo la kumshangaza mwenyeji wa pwani. La kushangaza ni kwamba yote hayo yalikwisha zoeleka, yakaitwa uzee, au yakaitwa kudra.

Mganga wa Kitaliana, Bernardino Ramazzini, alitoa mwaka 1700 kitabu juu ya maradhi ya watu wa kazi, akawausia waganga waongeze swali moja juu ya yale waliyozoea kumuuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Swali dogo, ila lina upanga ndani yake. Asiyeulizwa hivyo hupewa dawa ya kuchua na kurudishwa kulekule kulikomvunja. Na aliyeulizwa? Huyo walau maumivu yake yamepata nasaba.

Mtetezi wa biashara atasema kwamba hakuna aliyelazimishwa. Kweli, na hoja hii isidharauliwe. Mwani uliwapa wanawake wengi fedha ya mkononi mwao wenyewe: sare za watoto, bati la paa, sauti mbele ya mume. Mtu kujiona ana chake ni afya ya nafsi, tena afya isiyopimwa kwa mizani. Pia kuna maongezi ya pwani, vicheko na siri za wenzi, ambavyo nyumbani havipatikani. Kazi ile ile iumizayo mgongo yaweza kuinua kichwa.

Hata hivyo, hiari ina mipaka yake, na mpaka wake hapa ni bei. Mkulima hapangi bei. Hupangwa mbali, huko ambako mwani hugeuzwa ute wa kutia katika dawa ya meno na aiskrimu. Bei ikishuka, mahitaji ya nyumbani hayashuki, basi huongezwa kamba, na kamba zikiongezwa huongezwa saa za kuinama. Tofauti ya bei hulipwa na uti wa mgongo. Juu ya hayo, kotoni, aina iliyokuwa na thamani zaidi, imekuwa ikifa katika maji yaliyozidi joto tangu miaka ya 2000, na spinosamu inayostahimili bei yake ni duni. Alalaye hali anajua kwamba asubuhi huenda akakuta kamba tupu, je, usingizi wake nao ni wa hiari?

Hapo ndipo ugumu wa kudai haki unapoanza. Mwezi wa Juni 2022, Shirika la Kazi Duniani liliingiza usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za wafanyakazi. Ila sheria za kazi kwa desturi humtafuta mwajiri kwanza, na mama wa mwani huambiwa kwamba mwajiri ni yeye mwenyewe. Pwani inafundishwa tangu chuoni kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Huyu jasho lake hutoka akiwa majini, likaoshwa lisionekane. Atalidai kwa nani?

Washairi nao hawaepuki lawama. Wamemsifu mvumilivu kwa vina vitamu mno, hata subira ikawa jina zuri la kutosikilizwa. Subira ni fadhila kwa jambo lisiloondoleka. Kwa jambo linaloweza kupunguzwa kwa chanja ya kuanikia, kwa mashua ya kubebea mzigo, kwa viatu na miwani, kumhimiza mwenzio asubiri ni kumtwika.

Mkulima akienda kituo cha afya na kiuno chake, huambiwa apumzike wiki mbili. Wiki mbili ni bamvua hadi bamvua. Hushukuru, hutia vidonge katika pindo la kanga, na njiani huhesabu maji: kesho kupwa ni saa ngapi.