Mwenye Kauli katika Ulimwengu wa Kubuni

Katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, kundi dogo la watu hukaa pamoja na kutunga kisa kwa maneno, mmoja wao akiwa mwongozaji anayeeleza mazingira na matukio, wengine wakinena na kutenda kwa niaba ya wahusika wao, na dadu zikiamua yale ambayo matokeo yake hayajulikani. Kabla ya kuanza, kundi hilo huchagua ama ulimwengu uliochapishwa na kuuzwa, wenye ramani, miungu, falme na historia yake, ama ule ambao mwongozaji ameutunga mwenyewe nyumbani. Wengi huliona jambo hili kuwa la nafasi na ladha tu, ilhali ndani yake mna swali zito la kifalsafa, nalo ni nani mwenye mamlaka ya kusema lipi ni kweli kuhusu mahali pasipokuwapo.

Historia ya michezo hii haiutetei utengano mkali kati ya aina hizo mbili. Dungeons & Dragons, iliyotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, haikuja na ulimwengu uliokamilika; vijitabu vyake 3 vilitoa kanuni na kumtaka mwongozaji abuni mapango na nchi zake mwenyewe. Greyhawk ilikuwa ulimwengu ambao Gygax aliuongoza mezani kwake kwa miaka kadhaa kabla maelezo ya nchi zake hayajachapishwa mwaka 1980, na Forgotten Realms, iliyochapishwa mwaka 1987, ilianza kama mandhari ya hadithi ambazo Ed Greenwood wa Kanada alizitunga akiwa bado mtoto, kabla mchezo wenyewe haujakuwapo. Kinachoitofautisha dunia iliyochapishwa na ya nyumbani, basi, si asili yake, kwa kuwa zote mbili hutoka katika fikra za mtu mmoja au wachache, bali ni uzito ambao wasomaji huupa maandishi yaliyokwisha kupigwa chapa.

J. R. R. Tolkien, mwandishi Mkatoliki ambaye mawazo yake yameathiri sana uwanja huu, alieleza katika mhadhara alioutoa mwaka 1939 katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, kwamba mtunzi wa hadithi za ajabu hufanya uumbaji wa daraja la pili, yaani hutengeneza ulimwengu ambao akili ya msomaji huweza kuuingia, na yale yanayosemwa humo huwa kweli kwa kadiri yanavyoafikiana na sheria za ulimwengu huo. Kwa muumini anayehofia kwamba kazi hiyo ni kumwigiza Mungu, Tolkien alijibu kwamba binadamu hutunga kwa sababu yeye mwenyewe ameumbwa kwa mfano wa Muumba. Jibu hilo ni zuri na lina unyenyekevu, lakini halitoshi kwa mchezo wa mezani, kwa kuwa linamchukulia mtunzi kuwa mmoja na wengine wote kuwa wageni wanaoingia katika kazi iliyokwisha kufanyika. Mezani wageni hao huweza kumwua mfalme ambaye kitabu kinasema atatawala kwa miaka 40 zaidi.

Hapo ndipo mwanafalsafa Kendall Walton anaposaidia. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu sanaa na uigizaji, anatenganisha ulimwengu wa kazi, ambao ni jumla ya yale ambayo kazi yenyewe inatutaka tuyawazie, na ulimwengu wa mchezo unaochezwa kwa kuitumia kazi hiyo, ambamo mchezaji naye na matendo yake wanahesabiwa. Kwa kuufuata utengano huo, mfalme yu hai kitabuni na amekufa mezani, wala hakuna ukinzani. Hata hivyo wapo wachezaji wanaokipa kitabu cha kampuni heshima inayokaribia ile ambayo waumini huipa kanoni, yaani orodha ya vitabu vilivyokubaliwa kuwa vya imani. Ulinganisho huo haufai. Kanoni huifunga jumuiya kwa sababu jumuiya inaamini kwamba maandishi yale yanashuhudia ukweli uliopo nje ya karatasi. Kitabu cha mchezo hakishuhudii chochote kilicho nje yake, na hakiwezi kumkosoa anayekwenda kinyume nacho isipokuwa wenzake wa mezani wamekubali kwanza kukifuata.

Haya yote yasidhaniwe kuwa ushindi wa mwongozaji anayetunga nyumbani, kwa maana hatari iliyo kubwa zaidi iko upande wake. Ulimwengu uliochapishwa husomwa na wote, na mchezaji akiona mwongozaji amepinda jambo kwa upendeleo, anao ukurasa wa kumwonyesha. Ulimwengu wa daftarini msomaji wake ni mmoja, naye ndiye mtunzi, shahidi na hakimu, hivyo mchezaji aliyedhulumiwa hana pa kukata rufaa. Wasimulizi wa ngano za Waswahili walijua tangu zamani kwamba kisa huhitaji ridhaa ya wanaokisikiliza: msimulizi husema “Paukwa”, na kisa hakianzi mpaka hadhira iitikie “Pakawa”.

Ithibati iliyo chungu zaidi ya uzito wa swali hili la mamlaka inapatikana katika Tékumel, dunia ya M. A. R. Barker, profesa wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliyeitungia lugha kamili na kuichapisha kama mchezo mwaka 1975. Mwaka 2022, miaka 10 baada ya kifo chake, taasisi inayosimamia kazi zake ilithibitisha kwamba ndiye aliyeandika, kwa jina la bandia, riwaya ya itikadi ya Kinazi iliyotoka mwaka 1991. Watu waliokuwa wameicheza Tékumel kwa miongo kadhaa walilazimika kujiuliza ikiwa waliyoyatenda humo yalikuwa mali yao au yake. Ikiwa hoja ya hapa ni sahihi, kwamba yaliyo kweli mezani hutokana na makubaliano ya wanaocheza, yalikuwa yao, ingawa bado wanawajibika kuchunguza ni mangapi katika mtazamo wa mtunzi yaliyopenya katika vyeo, makabila na miungu waliyoirithi kutoka kwake. Wajibu huohuo unamhusu kila mwongozaji, awe na kitabu cha kununua au daftari lake mwenyewe: kabla ya kikao cha kwanza awaeleze wachezaji ni mambo yapi ya ulimwengu ule anayoyachukulia kuwa hayabadiliki, awasikilize wanaoyakataa, na wakubaliane pamoja ni nani atakayekuwa na kauli juu ya yaliyosalia.