Ichagueni Kebo Kabla ya Safari

Enyi wenye magari ya umeme mnaojiandaa kushuka pwani Desemba hii, nawasihi: fungueni buti leo, msingoje alfajiri ya safari. Itoeni ile kebo mliyopewa siku mliponunua gari, ishikeni, someni kilichoandikwa juu yake. Mmekagua matairi, mmejaza maji ya vioo, mmewanunulia watoto biskuti za njiani, lakini kebo hiyo wengine wenu hamjawahi kuitoa kwenye mfuko wake. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kilomita zipatazo 480. Chaji itakwisha, hilo halina mjadala, na itakapokwisha, kitakachowafikisha ni kebo inayoingia kwenye tundu mtakalolikuta. Umeme ukiwa ukutani na kebo yako haiingii, ni sawa na kutokuwapo.

Anzeni na tundu la gari lenyewe. Nissan Leaf iliyotumika Japani, hizi tunazoziona zikishushwa bandarini, ina tundu la Aina ya 1 lenye pini tano, na pembeni yake tundu kubwa la CHAdeMO. Gari la soko la Ulaya lina Aina ya 2, pini saba, ambayo Umoja wa Ulaya uliichagua iwe ya nchi zake zote. Gari lililotengenezwa kwa soko la Uchina lina GB/T, ambayo kwa mbali inafanana na Aina ya 2 hadi macho yakadanganyika, lakini hazichukuani. Muuzaji akikwambia zote ni moja, rudisha pesa mfukoni uondoke.

Kisha bebeni kebo mbili. Nasema mbili, na sitapunguza! Ya kwanza ni ile yenye kisanduku katikati, inayochomekwa kwenye soketi ya kawaida. Ya pili ni ya kituoni: upande mmoja Aina ya 2, upande wa pili plagi inayoingia kwenye tundu la gari lako, maana vituo vingi vya chaji ya polepole vina tundu tupu ukutani wala havikupi waya. Vituo vya chaji ya haraka vina kebo zao nzito zilizofungwa palepale, kwa hivyo hizo zisiwasumbue.

Hiyo ya kituoni ina siri ndani ya plagi yake. Kuna kikinza kidogo kinachokiarifu kituo waya unabeba kiasi gani: omu 680 ni ampea 20, omu 220 ni ampea 32. Kituo husadiki. Hakina njia ya kupima unene wa shaba. Sasa fikirini kebo ya bei ya kutupa, iliyowekewa kikinza cha ampea 32 huku shaba yake ni nyembamba kama ya pasi. Hiyo imetoa ushahidi wa uongo, na uongo wake utalipwa kwa moto chini ya gari lenu. Kebo ya ampea 32 inayostahili huwa na shaba ya milimita za mraba 6 hivi, na huwa imechapishwa kwenye ngozi yake. Isiyo na maandishi, iacheni dukani.

Twende kwenye soketi ya ukutani, kwa maana huko ndiko wengi watakakolala. Plagi yetu ya pini tatu bapa ina fyuzi ya ampea 13, lakini soketi haikutengenezwa ibebe ampea 13 usiku kucha, mfululizo, bila kupumzika. Ipeni 10. Kwa volti 240 hizo ni kilowati 2.4, na kwa saa kumi ni yuniti 24. Toeni kinachopotea njiani, na gari linalotumia yuniti 16 kwa kilomita 100 litaamka na kilomita kama 130. Hesabu hii iandikeni kwenye karatasi ya safari! Anayeifanya nyumbani atajua kwamba usiku mmoja Mtito Andei, kwa gari la betri ndogo, haumfikishi Mombasa. Anayeikataa ataifanya akiwa amekwama, jua la Tsavo likimchoma yeye na wanawe.

Kwa sababu hiyo nunueni kebo inayokubali kubadilishwa ampea: 6, 8, 10. Katika nyumba ya zamani, teremsheni. Mkondo ukipungua kwa nusu, joto kwenye kiungo cha soketi linashuka hadi robo, na hiyo ni rehema isiyogharimu ila subira. Baada ya nusu saa nendeni mkaiguse plagi. Ikiwa haishikiki kwa joto, ng'oeni, hata kama mnasafiri kesho.

Sasa nimefika penye roho za watu, nanyi nisikilizeni hapa kuliko kwingine kote.

Gari limekaa juu ya mpira. Umeme ukivuja ukafika kwenye bodi, hauna pa kuteremkia. Unamngoja mtoto atakayekuja peku, ardhi imelowa, kushika mpini wa mlango. Waya wa ethi ndio njia iliyoandaliwa umeme huo ushuke ardhini, na kisanduku cha kebo ni mlinzi wa njia hiyo: kilicho kizuri hukagua ethi kabla ya kuruhusu chaji, na umeme ukipotea miliampea 30, yaani sehemu 3 katika 100 za ampea moja, kinakata papo hapo. Na nyumba ngapi kwetu zina tundu la tatu ambalo nyuma yake hakuna kitu! Fundi aliweka soketi, akalipwa, akaenda. Kisanduku kikichomekwa hapo kitawasha taa nyekundu na kugoma.

Kiacheni kigome! Mshukuruni Mungu kwamba kimegoma. Msimwite mtu awafungie ethi na nyutro pamoja ili taa igeuke kijani. Jambo hilo linafanywa, tena linasifiwa kuwa ni ujanja, nami nalikemea kwa nguvu zangu zote, kwa sababu siku nyutro itakapokatika huko nguzoni, bodi lote la gari litashika umeme wa volti 240 na kile kisanduku hakitajua. Tafuteni soketi nyingine. Laleni mahali pengine. Fikeni siku ya pili.

Ekstensheni ya kuzungushwa kwenye roli ni afadhali msiitumie kabisa. Ikilazimu, ikunjueni yote hadi mwisho, kwa kuwa waya uliojizonga hautoi joto lake. Lakini mwenye kebo ya mita 8 au 10 hatajaribiwa nayo, basi urefu msiuonee uchungu. Kisanduku nacho kiwe cha kuhimili mvua: baada ya herufi IP tarakimu ya pili iwe 5 au zaidi, na kiwe na alama ya IEC 62752.

Anayevuka Namanga atakuta volti 230 na mara nyingi soketi kama yetu. Anayefika Kigali au Bujumbura atakuta matundu mawili ya mviringo, naye abebe adapta moja imara ya ampea 16 yenye ethi. Vile vidude vya kuchajia simu visiguse gari, wala adapta isipandishwe juu ya adapta.

Pigeni simu leo huko mnakofikia. Msiulize kama umeme upo. Ulizeni soketi iko hatua ngapi kutoka maegesho, fundi aliipima ethi lini, na kama kuna soketi ya bluu ya ampea 32, maana gari lenye chaja ya ndani inayoweza, likiwa na kebo iliyotengenezewa plagi hiyo, hupata hapo zaidi ya kilowati 7. Na mkifikia kwa shangazi, kumbukeni kwamba zile yuniti 24 zinatoka kwenye tokeni aliyoinunua kwa pesa yake. Mwambieni kabla ya kuchomeka, someni mita pamoja naye jioni na alfajiri, na mumlipe zote kabla ya kuwasha gari.