Hodi na Namba ya Siri

Katika nyumba zetu mgeni haingii pasipo kubisha hodi. Naye mwenye nyumba, kabla ya kusema "Karibu", huuliza kwanza, "Nani?" Swali hilo halijapata kuhesabiwa kuwa utovu wa ukarimu. Ni heshima kwa mgeni, na ni kinga kwa wenyeji.

Siku hizi hodi hubishwa pia katika simu. Tumfikirie mama auzaye dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zianze nchini mwaka 2008, wengi kama yeye hawafungi tena mtaji wao katika pindo la khanga. Asubuhi anapokea maneno machache: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Kweli anadaiwa na mwenye mtumbwi, naye ni mtu wa kutimiza ahadi. Anatuma. Jioni mdai halisi anafika kudai chake. Basi twauliza: kosa ni la nani? Je, tuwafundishe watoto wetu kutomwamini mtu yeyote?

Wapo wasemao kwamba atapeliwaye ni mjinga au mwenye tamaa. Sisi hatukubali. Mama huyu amenaswa kwa uaminifu wake. Tena lawama hiyo huzaa dhara la pili, nalo ni aibu. Mwenye aibu hunyamaza, na kwa kunyamaza kwake jirani hunaswa kesho kwa ndoana ile ile. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Sheria tunayo: Sheria ya Makosa ya Mtandao ilitungwa mwaka 2015, na laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole. Ni ngao njema. Lakini mara nyingi sheria hufika fedha zikiwa zimekwisha kwenda. Inayoweza kutangulia ni elimu.

Nayo njia ya elimu hiyo twaijua. Mwaka 1968 ulianza katika mikoa ya Ziwa, makao yake yakiwa Mwanza, mradi wa kisomo cha watu wazima uliosaidiwa na UNESCO. Vitabu vyake vilifundisha kusoma kwa kupitia pamba, uvuvi na migomba, yaani kazi za wanafunzi wenyewe. Somo kuu la siku zile ni kwamba kutojua si aibu, na mtu mzima aweza kuanza kwa kile akijuacho.

Elimu ya usalama wa mtandao na ianze vivyo hivyo, nyumbani, kwa maneno mepesi. Namba ya siri ni ufunguo wa nyumba: hapewi mtu, hata akijiita mtumishi wa kampuni ya simu. Adaiye fedha kwa ujumbe apigiwe kwa namba tuliyoizoea, tuisikie sauti yake. Ujumbe wa kitapeli upelekwe namba 15040. Mwanafunzi na amweleze bibi yake haya kwa adabu, pasipo kumcheka. Naye bibi amkumbushe mjukuu kwamba rafiki wa mtandaoni asiyejulikana kwao ni mgeni aliye bado mlangoni.

Kuuliza "Nani?" si kumdhania mtu ubaya. Mgeni mwema hungoja kutambuliwa. Mwovu ndiye ahimizaye mlango ufunguliwe upesi.